Waliniambia Jicho Litaiva

Kama uko kwenye benchi la dispensari sasa hivi, na umeambiwa kwamba jicho lako bado halijaiva, urudi litakapokuwa giza kabisa, ondoka hapo utafute mtu mwingine wa kukuangalia. Usiondoke kwa adabu. Mimi niliondoka kwa adabu. Nilisema asante sana daktari, nikaenda nyumbani kusubiri nipofuke. Ndiyo maana naandika haya kwa jicho moja, na hilo moja lenyewe linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Jina langu ni Musembi, fundi wa nguo. Miaka ile baada ya vita vya Hitla nilikuwa na cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Sultan Hamud, karibu na reli. Nilishona kaptura za wafanyakazi wa reli, sare za shule, na mara moja moja suti ya mwalimu anayetaka kuoa. Mke wangu Ndunge na mwanetu Mutua walikuwa shambani Makueni, kwenye ile ardhi mpya ambayo serikali ilifyeka msitu wa mbung'o ikatugawia. Jumamosi nilipanda lori kwenda nyumbani, Jumapili tukaabudu, Jumatatu nikarudi kazini. Kanisani nilikuwa mmoja wa wazee wa baraza, ingawa kwa umri nilikuwa bado kijana.

Ugonjwa wenyewe haukuniuma. Hilo linanikasirisha mpaka leo. Jino huuma. Mwiba huuma ili uutoe. Jicho langu lilikuwa linakufa huku mimi nikipiga cherehani na kuimba. Nilianza tu kugonga vitu vilivyokuwa upande wa kushoto. Nilimwaga chai. Niligombana na mwenye duka nikidhani ameanza tabia ya kuacha marobota ya vitambaa njiani, kumbe marobota yalikuwa mahali pake pa siku zote. Mtu alininyooshea mkono kunisalimu, mimi nikabaki namtazama usoni, na mkono wake ukabaki hewani. Watu wakasema fundi ameingiwa na maringo.

Na wakati huo huo nilikuwa natunga uzi kwenye sindano bila taabu. Sijui nieleze vipi ili mwenye macho mazima anielewe. Katikati niliona vizuri kabisa. Pembeni hapakuwa na giza, maana giza ningeliona nikashtuka. Hapakuwa na kitu tu. Huwezi kukosa kitu ambacho hujui kimeondoka.

Jumapili moja ya Meza ya Bwana nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Akina mama walikuwa wamekaa chini na watoto wao, kama kawaida, kwa sababu mabenchi hayakutosha. Nilikanyaga mguu wa mtoto, nikajikwaa, na sinia lote likamwagika juu ya mama yake. Mwezi huo huo nikaanguka kwenye mtaro wa msingi wa kanisa jipya, mchana kweupe, watu wakitazama. Baraza likaniita.

Mchungaji aliongea kwa upole. Aliuliza kama huko Sultan Hamud, kwenye watu wa kila aina, sijaanza kuonja kitu. Nikasema hapana, labda ni macho. Hapo mzee Ndambuki, ambaye tulibatizwa pamoja, akaiona sindano niliyokuwa nimechomeka kwenye ukosi wa koti.

"Tunga uzi hapo," akasema.

Niliutunga mara moja. Mafundi wote hufanya hivyo bila kufikiri. Ndambuki akawageukia wenzake, kisha akanigeukia mimi.

"Macho yako hayana neno, Musembi. Sasa tuambie ukweli."

Hivyo ndivyo nilivyohukumiwa. Nilivuliwa uzee wa kanisa na kuzuiwa Meza ya Bwana mpaka nitubu ulevi. Pombe sikuwa nimeionja tangu nibatizwe. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, kila niliposhuka kwenye lori Ndunge alikuja kunipokea koti, akalishika karibu na uso wake kidogo kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ananusa. Nilijua ananusa, naye alijua kwamba najua, na hatukuzungumza. Tukaishi hivyo.

Nikaenda dispensari. Pale palikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda tu, ambaye sote tulimwita daktari. Benchi lake lilikuwa nje, chini ya ukingo wa bati, na kulingana na saa uliyofika ulikaa kivulini au juani. Watoto wenye macho mekundu walikuwa wengi, wamepakwa mafuta ya dawa, nzi wakiwafuata. Zamu yangu ilipofika akanimulika kwa tochi, akanifunua kope, akasema una mtoto wa jicho, upande wa kushoto, lakini bado mchanga. Hawapasui likiwa changa. Nenda, likiiva utakuwa huoni kabisa, hapo urudi, nitakuandikia uende kwa wapasuaji, nawe utaona kama zamani.

Nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimepewa jina la ugonjwa, na tiba yake imo njiani. Nilimwambia Ndunge, naye akaitikia kama mtu anayesikiliza hadithi ya mlevi.

Mvua za Novemba zikaja, tukapanda, tukavuna kidogo. Nikarudi. Bado, akasema. Kiangazi kikapita. Mvua za Machi hazikuwa kitu mwaka ule, mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Nikarudi. Akanimulika tena. Bado kidogo. Kila aliponiambia bado nilirudi nyumbani nikijifunika jicho la kulia kwa kiganja, nikipima ni kiasi gani nimebakiwa nacho upande wa pili. Nilikuwa naomba kipungue haraka. Elewa hapo. Nilikuwa napiga magoti na kumwomba Mungu anipofushe jicho upesi, ili litibiwe.

Ndugu za baba walikuwa na maelezo yao. Baba yetu alikufa kipofu, na ilijulikana kwamba aliapizwa na mtu waliyegombea naye mpaka wa shamba. Wakataka mbuzi achinjwe, laana iondolewe. Nikakataa kwa sababu ya imani yangu, imani ambayo kanisani kwenyewe hakuna aliyeamini kwamba ninayo. Basi nikawa mlevi kwa Wakristo na mkaidi kwa ukoo.

Jicho la kushoto lilizima kabisa wakati wa baridi ya Julai. Nilikwenda dispensari karibu nikikimbia, nikikwaruzwa na miiba ya njiani. Nikamwambia dresa, limeiva. Akanimulika, akasema naam, sasa, akaniandikia karatasi ya Nairobi.

Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikipambana na waasi. Mwafrika hakuingia Nairobi hivi hivi. Tulizungushwa ofisi ya chifu na ya bwana shauri, Mzungu wa wilaya, mpaka tukapata pasi, ndipo tukapanda gari la moshi, tukakaa kwenye mbao za daraja la tatu. Ndunge alikuja kwa sababu sikuweza tena kutembea mahali nisipopajua. Stesheni ya Nairobi askari alinyoosha mkono apewe pasi, akaunyoosha kushoto kwangu. Sikuuona. Akanipiga kofi. Ndunge akamkabidhi karatasi zote, na tulipotoka nje akanionya niache kiburi, hapa si Makueni.

Hospitalini, upande wetu Waafrika, tulikaa kwenye korido ndefu ya saruji. Watu walikuwa wamefunikwa macho kwa vitambaa vya kila namna. Wengine walikuwa wamelala hapo hapo. Tuliitwa, tukaambiwa tungoje, tukaitwa tena. Hatimaye tukaingizwa kwa daktari Mzungu, mtu mwembamba mwenye mikono baridi. Mkalimani alikuwa nesi wa kiume kutoka kwetu, Kioko, naye ndiye aliyeomba mke wangu aruhusiwe kusimama nyuma yangu.

Daktari akaketi mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Jicho langu bovu likafunikwa. Kioko akaniambia nitazame pua ya daktari tu, nisihamishe jicho, na nikiona kidole kinatokea pembeni niseme. Nikatazama pua. Nikasubiri. Nilidhani bado hajaanza. Nikajiuliza huyu anangoja nini. Kisha ghafla kidole kikawa pale, karibu na pua yenyewe, nikasema sasa.

Nyuma yangu nilisikia Ndunge akivuta pumzi.

Wakarudia upande mwingine, na juu, na chini. Wakanitia matone yaliyofanya jicho life ganzi, wakanilaza, wakaweka juu ya jicho kitu kidogo cha chuma chenye mshale. Daktari akausoma, akaweka tena, akausoma tena. Kioko akanishika mkono, akakiweka kidole changu kwenye kope la Ndunge lililofumbwa, nikabonyeza polepole. Jicho lake lilikuwa laini kama nyanya. Kisha akakiweka kwenye kope langu. Lilikuwa gumu kama gololi.

Daktari akazungumza kwa Kiingereza muda mrefu. Kioko akasema, "Anasema watajaribu."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo," nikamwambia.

Kioko akayasema yote, kwa Kikamba, bila kuyapamba. Huyu si mtoto wa jicho. Ni ugonjwa mwingine, maji ya ndani ya jicho yanakosa pa kutokea, jicho linajaa na kujibana mpaka mshipa wake wa kuonea unakufa. La kushoto limekufa, halitarudi. La kulia nalo limeliwa sana. Kilichoondoka hakirudi kwa kupasuliwa wala kwa dawa. Kilichobaki wanaweza kujaribu kukilinda.

Nikamwambia amuulize ingekuwaje kama ningekuja mwanzoni, nilipomwaga chai. Kioko hakutaka kuuliza. Nikasema muulize. Akauliza, daktari akajibu kwa maneno machache.

"Anasema angekuwa na macho mawili ya kulinda."

Tulirudi kwenye korido kungoja kitanda. Ndunge alikaa upande wangu wa kulia, mahali ninapoweza kumwona nikigeuza shingo.

"Mkono wote ulikuwa pale, Baba Mutua," akasema. "Alikuwa anauchezesha kabisa, na wewe unangoja."

Niligeuza shingo nimwone.

"Nilikuwa nanusa koti lako."

"Najua."

Akalia. Watu wa kanisa kama mimi hutarajiwa kusema wakati kama huo kwamba yamekwisha. Sikusema. Hayakuwa yamekwisha. Nilimpa kitambaa changu cha kufutia uso, na hilo ndilo nililoweza siku ile.

Walinipasua jicho la kulia nikiwa macho. Kuna sindano karibu na jicho ambayo siwezi kukudanganya kwamba si kitu, na baada ya hapo unasikia watu wakifanya kazi juu ya uso wako bila kuhisi maumivu. Kisha walinifunga bendeji macho yote mawili, wakaniwekea mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, wakanikataza kujigeuza, kukohoa, hata kucheka. Kucheka sikuwa na mpango nako. Nililala chali nikiwa na muda wa kuhesabu watu wa kuwachukia, na nikawapata wengi: Ndambuki, mchungaji, dresa, askari wa stesheni, waliompa dresa tochi bila kumpa elimu, waliojenga wodi ya macho Nairobi na kutuachia sisi ukingo wa bati.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mzee kutoka upande wa Mutomo, huko Kitui ya kusini, mfuga ng'ombe, jina lake Kavivya. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho wa kweli. Aliambiwa angoje liive, akangoja, likapasuliwa, bendeji ikatolewa, akaona. Nilimsikia akicheka kama mtoto, akitaja rangi ya blanketi, akitaja dirisha, akimwambia Sista, muuguzi wa wodi, kwamba ana meno mazuri. Kwake maneno yale yale niliyoambiwa mimi yalikuwa kweli. Ningeweza kumrushia kikombe.

Na mzee huyo huyo, kwa sababu mikono ya wafanyakazi ilikuwa michache, akaanza kuja kunilisha uji. Alinilisha taratibu, kijiko kijiko, akinifuta kidevu kwa kiganja chake kigumu, akinieleza nje kuna mawingu au hakuna. Nilikunywa uji wake nikiwa na hasira naye. Naamini alijua. Alipotoka kwenda kwao alinigusa bega, akasema nipone.

Siku ya kutolewa bendeji Ndunge alikuwepo. Nilimwona yeye, uso wake, na kando yake hakuna kitu. Tundu lile lile. Daktari akapima, akafurahi. Jicho lilikuwa limelainika. Kioko akafurahi. Sista akanipongeza. Nikasema mbona sioni zaidi. Nilikuwa nimeambiwa wazi kabisa, na bado mahali fulani ndani nilikuwa nategemea. Kwa hiyo nakuambia wewe unayekwenda kupasuliwa: hutaamka na macho mapya. Utaamka na yale uliyoingia nayo, na huo ndio ushindi. Jiandae, maana hakuna atakayekuonea huruma ukilia wakati wengine wanashangilia.

Kabla ya kuondoka nilipewa dawa ya matone ya kutia kila siku maisha yangu yote. Inachoma. Inaleta maumivu juu ya nyusi, na jioni dunia inakuwa na ukungu mapema kuliko kwa watu wengine. Daktari akauliza swali moja zaidi: kwetu kuna mwingine aliyepofuka? Nikataja baba. Akauliza nina ndugu wangapi wa tumbo moja, akasema wote waletwe, hata wasiolalamika. Hasa wasiolalamika.

Kituo cha kwanza niliporudi kilikuwa dispensari. Nilimkuta dresa akipaka mtoto dawa. Nikamwambia yote mbele ya benchi zima. Nilitaka apige magoti, au anitukane nipate sababu. Akaniambia alifundishwa magonjwa mawili tu ya macho, wa wekundu na wa mtoto wa jicho, na asiyekuwa na wa kwanza alikuwa na wa pili. Nikamwuliza tangu leo utasema nini. Akasema atabonyeza jicho kwa kidole, kama nilivyomweleza. Sikumsamehe, lakini nilimwonyesha jinsi ya kubonyeza.

Kanisani mambo yalikuwa rahisi kwao. Mchungaji aliniambia baraza limeridhika, Jumapili nisimame mbele nipokelewe tena, kama wanavyopokelewa waliotubu. Nikamwambia sitapokelewa, kwa sababu sikuondoka. Nataka wasimame wao waseme walinisingizia. Akasema kanisa halina utaratibu huo. Nikasema basi liutengeneze. Halijautengeneza. Nilikaa benchi la nyuma miaka mingi, nikiimba, na sinia la Meza ya Bwana likinipita. Ndunge alikuwa akikaa nami huko nyuma, na yeye sinia alilipitisha bila kugusa, ingawa hakuna aliyemzuia. Kwa tendo hilo ndipo neno la koti lilipokwisha kati yetu.

Cherehani niliendelea nayo, kazi ndogo ndogo, katikati ya tundu langu.

Lakini nilikuwa na dada mmoja wa tumbo moja, Mwikali, aliyeolewa Kitui, mbele ya Mutomo. Nilimfuata huko mimi mwenyewe, Ndunge akiniongoza, lori baada ya lori. Tulimkuta akipepeta mbaazi uani. Alifurahi sana kutuona. Nilipomweleza kilichonileta akacheka, akasema macho yake ni mazima, anachambua mawe kwenye mbaazi bila kukosa hata moja.

Nikamketisha kwenye kigoda mbele yangu, nikamwambia atazame pua yangu. Nilimwambia Ndunge achezeshe kidole kutoka pembeni, maana mimi mwenyewe nisingekiona. Tukangoja. Mume wa Mwikali alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Niliangalia uso wa dada yangu, ulivyotulia, ukingoja mchezo uanze, kisha nikageuza shingo, na usoni mwa Ndunge nikajua kidole kimefika wapi. Mume wa Mwikali akaacha kutabasamu.

"Mbona hamwanzi?" Mwikali akauliza.

Hakutaka kwenda Nairobi. Alikuwa na mavuno, alikuwa na mtoto wa kunyonya, na mume wake akasema labda tungoje tuone kama itazidi. Sikumbuki vizuri nilichomwambia shemeji yangu. Ndunge anasema nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, na kwamba hajawahi kuniona hivyo, na kwamba hakujaribu kuninyamazisha. Juma lile lile pasi zilitafutwa.

Walimpasua macho yote mawili, moja kwanza, la pili baada ya mvua. Pembeni alikuwa amepoteza kidogo tu. Kidogo hicho hakikurudi, na kingine hakikuondoka. Leo ana wajukuu. Analima, anavuka mto peke yake.

Hajawahi kunishukuru. Kila mtu anayetoka Mutomo huniletea ujumbe wake: kwamba dawa ile inamchoma, kwamba kichwa kinamuuma, kwamba ni mimi niliyempeleka kwa watu wa visu alipokuwa mzima kabisa, haumwi na chochote. Nampa mtu huyo chai, namwomba aketi, na namwambia aniambie yote, asiache hata neno.